Maswali ya Wasomaji: Kurekebisha Picha Bila ya Kulipa Kila Mwezi

SWALI

Asalaam alaykum. Mimi ni mpiga picha wa kike hapa Chake Chake na kazi yangu kubwa ni harusi, upande wa wanawake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia Lightroom na Photoshop za kampuni ya Adobe kwa kulipia kila mwezi kwa kadi ya benki. Msimu ukiwa mzuri silalamiki, lakini mwezi wa Ramadhani hapana harusi hata moja, na ada haifungi. Inakatwa vile vile. Nataka programu nitakayoilipia mara moja tu, au nisiilipie kabisa, ila iimudu harusi yenye picha 600 au 700. Natumia kamera ya Canon, napiga kwa RAW (faili ghafi la kamera), na laptopu yangu ni ya mtumba, ina memori ya GB 8. Jirani yangu amenishauri niweke GIMP, niachane na mengine yote. Je, nilifuate shauri lake? Na picha zangu za zamani zitakuwaje nikiacha kulipa?

Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yetu. Shauri la jirani yako lina nusu ya jibu. GIMP ni programu nzuri. Ilianzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo hutolewa bure. Toleo lake la 3.0, lililotoka mwezi wa Machi 2025, limeondoa dosari iliyolalamikiwa kwa muda mrefu na watu wa kazi, kwani sasa vichujio vingi hubaki juu ya picha bila ya kuibadilisha moja kwa moja, na unaweza kurudi kesho ukavipunguza au ukaviondoa. Lakini GIMP ni ya kushughulikia picha moja moja: kufuta waya uliokatiza nyuma ya bibi harusi, kuondoa chunusi, kuunganisha picha mbili. Picha 700 haziendi kwa mwendo huo. Isitoshe, GIMP peke yake haifungui RAW, bali hutegemea programu nyengine iifungulie.

Watu wengi wanaotuuliza mbadala wa Photoshop, ukiwachunguza namna wanavyofanya kazi, kumbe saa zao nyingi zinakwisha ndani ya Lightroom, katika kuchagua picha, kuzipa nyota, kusawazisha mwangaza na rangi, kunakili marekebisho kutoka picha moja kwenda nyengine, na mwisho kuzitoa kwa JPEG. Wewe ni mmoja wao. Kwa hiyo tafuta kwanza mrithi wa Lightroom. Mrithi wa Photoshop ni rahisi kupatikana, na hata ukikosea kumchagua hasara yake ni ndogo.

Kabla ya kununua chochote, chukua kilicho haki yako tayari. Canon huwapa wenye kamera zake programu iitwayo Digital Photo Professional bila ya malipo. Unaipakua kwenye tovuti yao, na wakati mwengine huombwa namba iliyoandikwa chini ya kamera. Wasomaji wenye Nikon wana NX Studio, iliyotoka mwaka 2021, na wenye Sony wana Imaging Edge. Programu ya Canon inazisoma vizuri RAW za Canon, rangi zake zinakaribiana sana na zile ulizoziona kwenye kioo cha kamera, na marekebisho ya picha moja unaweza kuyanakili ukayabandika juu ya nyengine nyingi kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba mwendo wake ni wa kinyonga, na ukihamia kamera ya kampuni nyengine haitakufaa tena. Mwenye harusi moja kwa mwezi ningemwambia aishie hapo hapo. Anayepiga kila wiki, naona atachoka nayo.

Inayokufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni darktable. Ni programu huria, kwenye Windows inapatikana tokea mwishoni mwa mwaka 2017, haina ada, haina akaunti, haina matangazo, na inafanya kazi hata kama laptopu haijaonja intaneti mwezi mzima. Sitakuficha kwamba siku za mwanzo itakukera, kwa sababu imejaa vitufe na majina ya kitaalamu, na imetengenezwa na watu wanaopenda kukuonesha kila kitu kwa wakati mmoja. Basi usitake kuijua yote.

Anza na picha za ukumbini, pale ambapo taa za rangi za jukwaani zinampiga bibi harusi upande mmoja na taa nyeupe za dari upande wa pili. Ingiza folda nzima, kisha pita picha kwa picha ukibonyeza R kwa zilizoharibika, yaani za waliofumba macho na waliokatwa vichwa, na namba 1 hadi 5 kwa kuzipa nyota zilizobaki. Baada ya hapo fungua picha moja iliyo wazi na ushughulike na mambo mawili tu, mwangaza na mizani ya weupe, yaani kuifanya nyeupe ionekane nyeupe chini ya taa zilizopo. Mizani hiyo usiipime kwa shela, maana shela nyingi si nyeupe hasa bali zina rangi ya krimu ndani yake, na ukiiambia programu kwamba krimu ndiyo nyeupe, picha yote itaingia ubuluu. Ni bora kabla shughuli haijaanza upige picha moja ya kadi ya kijivu, au ya karatasi nyeupe kama kadi huna, chini ya taa zile zile, ukaja kupimia hiyo. Kisha itazame mikono. Hina ibaki na wekundu wake wa kahawia, na piko ibaki nyeusi. Ukiona vimefanana, ujue rangi imekwenda kombo, na aliyepambwa ataliona hilo kabla hajautazama uso wake. Ukiridhika, rudi kwenye orodha ya picha, bonyeza Ctrl na C juu ya ile uliyoitengeneza, chagua zote zilizopigwa mahali pale pale, bonyeza Ctrl na V. Zitakazobaki kuguswa moja moja ni chache.

Iko pia RawTherapee, nayo ni bure na matokeo yake ni mazuri, ila katika kupanga na kuchagua picha nyingi iko nyuma ya darktable.

Ama ukitaka kununua, isome leseni kabla ya kuitazama bei, kwa sababu siku hizi kulipa mara moja hakuna maana moja tu. Photoshop Elements, iliyokuwa kimbilio la wasiotaka ada kwa miaka mingi, tokea toleo la 2025 inauzwa kwa leseni ya miaka 3: unatoa karibu dola 100 kwa mkupuo mmoja, lakini muda ukimalizika programu nayo imekwisha. ON1 Photo RAW bei yake haiko mbali na hiyo na leseni yake haina mwisho, ingawa kila mwaka utashawishiwa kununua toleo jipya. DxO PhotoLab ni ghali, inapita dola 200, lakini kwa kusafisha chenga za picha zilizopigwa kwenye giza la ukumbi sijaona inayoishinda, na kama kazi yako yote ni ya usiku ningekuelewa ukiichagua. Zote hutoa muda wa majaribio. Utumie kwa picha zako mwenyewe, si kwa zile nzuri za mfano zinazokuja nazo.

Liko jambo ambalo muuzaji halisemi. Programu uliyoinunua mara moja haiijui kamera itakayotengenezwa baada yake. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa leseni ya kudumu, na waliobaki nayo, walipobadilisha kamera, waliikuta haifungui RAW zao mpya. Njia ya kupitia ipo: Adobe wenyewe wanatoa bure programu ndogo iitwayo DNG Converter, inayogeuza RAW ya kamera mpya kuwa DNG ambayo programu ya zamani inaweza kuisoma. Ukinunua leseni ya kudumu, iweke na hiyo pembeni.

Sasa mrithi wa Photoshop. Ukiacha GIMP, iko Affinity, ya kampuni ya Serif ya Nottingham, Uingereza, ambayo Canva ya Australia iliinunua mwaka 2024. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ikatolewa bure, kwa sharti la kufungua akaunti ya Canva. Zinazolipiwa ni zana za akili mnemba, ambazo kwa harusi huzihitaji. Ina tabaka, yaani picha hupangwa safu juu ya safu, inafungua mafaili ya PSD ya Photoshop, na mtu aliyezoea Photoshop haimsumbui kama GIMP inavyomsumbua. Mimi ningeiweka leo. Hata hivyo, bure ya kampuni hutolewa na kampuni, na kampuni hiyo hiyo inaweza kubadilisha masharti, ilhali GIMP na darktable ziko chini ya leseni huria iitwayo GPL, na nakala uliyokwisha kuichukua hapana wa kukunyang'anya. Kwa hiyo kazi uliyoimaliza ndani ya Affinity itoe pia kwa TIFF, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingi, ili isibaki imefungwa humo.

Kuhusu picha za zamani, ondoa hofu moja: RAW zako ziko kwenye diski yako na hazitoki. Lightroom Classic, hata baada ya ada kukoma, hukuruhusu kufungua maktaba, kuziona picha na kuzitoa. Inayofungwa ni sehemu ya kurekebishia. Kinachopotea ni uwezo wa kuyaendeleza marekebisho, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za rangi. Basi kabla ya kuondoka fanya mambo mawili. Toa kwa JPEG ya ubora wa juu au TIFF kila picha ambayo mteja anaweza kurudi kuitaka, na chagua picha zote ubonyeze Ctrl na S ili maelezo yake yaandikwe katika mafaili ya XMP kando ya RAW. darktable inaweza kuyasoma baadhi yake, kama nyota, alama na namna ulivyoikata picha. Rangi utazifanya upya. RAW zenyewe usizifute. Picha kongwe za Unguja tunazozijua kupitia Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zimetufikia kwa sababu negativu zilitunzwa, na RAW ndiyo negativu yako.

Tazama pia aina ya mkataba ulio nao kabla ya kuuvunja. Ikiwa ni wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, ukiuacha baada ya siku 14 za mwanzo unaweza kutozwa nusu ya ada ya miezi iliyobaki. Ada hiyo ndiyo mojawapo ya mambo yaliyoifanya serikali ya Marekani kuishtaki Adobe mwezi wa Juni 2024, kwa madai kwamba wateja hawakuelezwa waziwazi. Fungua akaunti yako, itafute tarehe ya kumalizika kwa mwaka, na uache karibu na tarehe hiyo. Kwa bei ya Marekani, mpango wa Adobe wa wapiga picha wenye hifadhi ya mtandaoni ya TB 1 ni dola 19.99 kwa mwezi, karibu dola 240 kwa mwaka. Sehemu ya pesa hizo ningezipeleka kwenye laptopu: memori iongezwe ifike GB 16, diski iwe SSD, na diski mbili za nje kwa ajili ya nakala. darktable kwenye GB 8 itafanya kazi, lakini utakuwa ukiingoja.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Wewe unapiga upande wa wanawake, ambako wateja wako wamevua mabuibui na simu zimewekwa mlangoni. Picha hizo ni amana. Programu nyingi za kulipia kwa mwezi hupenda kuzipandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila ya mtumiaji kutambua kwamba ameruhusu, na kwa mpiga picha wa mandhari hilo ni raha, lakini kwako ni jambo la kuulizana na mteja kwanza. darktable na GIMP hazipandishi kitu. Kinachofanyika kinabaki ndani ya laptopu. Hata kama ada ingekuwa nusu ya ilivyo sasa, kwa sababu hii peke yake ningekushauri uhame.

SWALI

Tuna nyumba ndogo ya wageni Jambiani na picha zote za kutangazia tunapiga kwa simu. Kila programu ninayoipakua inanipa siku chache kisha inataka nilipie kwa wiki. Ipo ya simu isiyokuwa hivyo? Na tukitaka kuchapisha kipeperushi tufanye nini?

Msomaji, Jambiani, Unguja

JIBU

Ipo, nayo ni Snapseed. Google waliipata walipoinunua kampuni ya Nik Software mwaka 2012, na imebaki bure na bila ya matangazo kwa Android na iPhone. Inafungua hata DNG kama simu yako inaweza kupiga hivyo. Zana mbili zinatosha kwa nyumba ya wageni. Ya kwanza ni ile ya kunyoosha mistari, kwa sababu chumba kilichopigwa kutoka kwenye pembe huonekana kuta zake zinaanguka. Nyoosha fremu ya mlango na dirisha mpaka zisimame wima, na chumba kitaonekana kimejengwa na fundi. Ya pili ni ile ya kugusa sehemu moja tu ya picha: gusa ndani ya chumba, ongeza mwangaza pale peke yake, na bahari inayoonekana dirishani ibaki na rangi yake.

Kuhusu bahari, msiitie buluu zaidi ya ilivyo. Kwenu maji yakipwa yanakwenda mbali hadi karibu na mwamba, na mgeni aliyeoneshwa buluu tupu atafika saa nane mchana akakuta mchanga na wanawake wanaoshughulikia mwani wao. Ni mandhari nzuri kwelikweli. Ipigeni na iwekeni kwenye tangazo pamoja na ile ya maji kujaa. Programu zinazojaza maji mahali ambapo hayapo zimeshakuwapo, lakini mgeni huyo ndiye atakayeandika maoni baada ya kuondoka.

Kipeperushi kifanyeni kwenye kompyuta kwa Affinity, kwa kuwa inapanga maandishi na picha pamoja na inatoa PDF yenye rangi za CMYK, ambazo mchapishaji huzihitaji. Muulizeni yeye kwanza anataka ukubwa gani. Na picha msizichukue zile zilizopita WhatsApp, kwani hubanwa na zikichapishwa hutoka na ukungu. Zitoeni moja kwa moja kutoka kwenye simu kwa waya.

SWALI

Mimi ni kijana ninayejifunza kazi ya usanifu wa picha. Kuna duka karibu na Darajani wananiwekea Photoshop kamili kwa shilingi 20,000, hailipiwi tena. Kuna ubaya gani, na mimi nataka kujifunza tu?

Msomaji, Mjini Unguja

JIBU

Ubaya wa kwanza, kijana wetu, ni kwamba hiyo si Photoshop waliyouziwa wao wakakuuzia wewe, bali ni nakala iliyovunjwa kufuli, na Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tokea mwaka 2003. Ubaya wa pili utauona kwa macho yako ukikaa pale dukani: fundi ataizima programu ya kulinda virusi kabla ya kuanza, kwa sababu isipozimwa itapiga kelele. Umeshamfungulia mlango mtu usiyemjua aliyeivunja hiyo programu, na kwenye kompyuta hiyo hiyo unaingia barua pepe yako na akaunti ya benki. Shilingi 20,000 ni ghali kwa kitu cha namna hiyo.

Tumia Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, huna haja ya kuweka chochote, na mpangilio wake unafanana mno na wa Photoshop, kuanzia zana za upande wa kushoto hadi tabaka za upande wa kulia, hata vifupisho vingi vya kibodi. Inafungua na kuhifadhi PSD. Ingawa iko kwenye tovuti, picha yako inashughulikiwa ndani ya kompyuta yako na haipelekwi kokote. Bei yake ni kuvumilia tangazo pembeni. Jifunzie humo tabaka (layers), vinyago vya tabaka (layer masks) na mikunjo ya mwangaza (curves), mpaka uweze kumkata mtu kutoka kwenye picha bila ya nywele zake kuonekana zimekatwa kwa mkasi.

Siku ukiitwa kwenye usaili wa kazi inayodai Photoshop yenyewe, Adobe hutoa siku 7 za majaribio. Zinatosha kwa mtu aliyekwisha kuizoea Photopea. Watakuomba kadi, kwa hiyo siku hiyo hiyo unayojiandikisha tia kengele kwenye simu ilie siku ya 5, ili usitishe kabla hawajakata.